Waje Kwetu, Wavue Viatu

Dada Naomi,

Nimevaa masweta mawili na soksi za kaka yako. Usicheke. Ni Agosti, ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujanyanyuka, na mtu wa Muheza kama mimi hakuumbwa kwa mambo haya. Soksi alinipa kaka yako siku ya kumaliza matanga, alipoona natetemeka pale uani kwenu Mponde. Alisema mimi ndiye yule Mwalimu wa Machungwa uliyekuwa ukimsimulia. Nikamwambia ndiye, na machungwa yenyewe safari hii sikuleta hata moja.

Nimekaa kwenye benchi ya useremala ya Fundi Kaniki, ndani ya karakana yetu, naandika juu ya goti. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana. Kila nikifika mahali pa kueleza nilichokifanya mwezi wa sita, mkono unagoma. Leo nitaeleza. Nina habari nzuri za kukupa, ila siwezi kukupa nzuri nikaficha mbaya, maana ungenijua tu. Ulikuwa ukiniangalia usoni sekunde mbili, unaniuliza nimevunja nini.

Kwanza nikuambie kwamba Somo la Pamoja lipo. Limeponea chupuchupu, lakini lipo.

Siku hizi wanafunzi wapya wananiuliza lilianzaje, nami nawasimulia vile vile, siongezi chumvi. Nawaambia uliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, umeshika kikombe cha chai ambacho kumbe kilikuwa changu, ukaniuliza kama ngoma yangu inaweza kuchezwa na watu wasioisikia. Nilidhani unanitania. Mimi mwalimu wa muziki, wewe mwalimu wa Elimu Maalumu, tulikuwa tukikutana tu kwenye vikao vya kitivo na kubishana juu ya nani kachukua projekta. Wiki iliyofuata ukaniletea viziwi saba. Mimi nikaleta wapigaji wangu wanane. Wale wanne wa Fasihi walikuja kwa sababu walisikia kuna chai na maandazi, na hawakuondoka tena.

Tulikosa chumba, tukapewa hii karakana ya zamani ambamo chuo kilikuwa kinarundika viti vibovu. Mimi niliona nyufa na buibui. Wewe ulivua viatu, ukatembea mpaka katikati, ukakanyaga mara moja kwa kisigino, ukatabasamu peke yako. Sakafu ni mbao za mkulo, zilizopigwa na watu waliokufa kabla hatujazaliwa, zimelala juu ya boriti na chini yake ni uwazi mtupu. Ukaniambia niweke ngoma kubwa chini, kitako kiguse mbao, niipige. Wanafunzi wako walikuwa wamesimama peku huku na huku. Nilipopiga, wote saba waliinamisha vichwa wakatazama miguu yao, kisha Tumaini akainua uso akacheka kwa sauti. Tangu hapo ikawa sheria ya chumba kwamba hapaingii kiatu. Nililalamika miaka miwili mizima kuhusu baridi ya ile sakafu, nawe ukanijibu miaka miwili mizima kwamba Muheza kuna joto na basi zipo kila siku.

Nakumbuka na ugomvi wetu juu ya "Mikono", ule mchezo wetu. Wazo lilikuwa lako. Ulitupeleka Mponde kuwatazama akina mama wakichuma chai, mama yako akiwa mmoja wao zamani, ukatuambia tusiangalie majani, tuangalie vidole. Wanafunzi wako waliona lugha pale. Walirudi na hatua arobaini za vidole, za mabega na za kikapu mgongoni, na watoto wa Fasihi wakaandika mashairi. Mimi nilitaka shairi lisomwe kwa mdomo kwanza, halafu mikono ifuate, ili watazamaji waelewe. Ukasema hapana, mikono kwanza, mdomo utafuata nyuma ukiweza. Tulinuniana siku tatu. Nilikuwa nakupita kwenye korido naangalia dari, na wewe ulikuwa unaona, unacheka.

Halafu ukaumwa, na masika ikawa ndefu.

Siku ile nilipokuja hospitali ulikuwa umekonda mpaka nikashindwa pa kuweka macho. Nikaanza kupiga soga za kitivo. Ukaninyamazisha kwa mkono. Ulichosema kuhusu wale saba nimekibeba mpaka leo, "Usiwahurumie, Hatibu. Waonee wivu." Nikaitikia ndiyo. Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya homa.

Mazishi yako sitayasahau, na si kwa sababu ya matope, ingawa matope yalikuwa ya kumwaga. Watu walijaa kutoka Mponde mpaka njia ya Bumbuli. Kwaya ziliimba, mchungaji alihubiri vizuri, mkuu wa kitivo alisoma wasifu wako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Na wanafunzi wako saba walisimama mstari wa mbele wamevaa suti na vitenge, hawaelewi hata neno moja. Chuo kizima, ukoo mzima, kanisa zima, hapakuwa na mtu wa kuwatafsiria. Aliyekuwa akiwatafsiria kila kitu alikuwa ndani ya jeneza.

Nilijipenyeza mpaka mbele yao nikajaribu. Unajua alama nilizokuwa nazo. Nilikuwa na "asante", "chai", "Mungu", "pole" na "kesho". Dada, nimewatafsiria mahubiri ya nusu saa kwa maneno matano. Tumaini alinishika mkono akanishusha, kwa upole tu, kama unavyomwambia mtoto basi inatosha. Jeneza liliposhuka wote saba waliinua mkono wa kulia wakafanya lile jina walilokupa, vidole viwili vinachuma hewani na kutupa nyuma ya bega. Kaka yako aliuliza wanafanya nini. Nikamwambia wanakuita jina lako. Hapo akalia sana. Mimi nilichukua koleo nikafukia, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Mwezi wa sita kamati ya masomo ilituita. Walisema somo letu lilikuwa la majaribio, mwenye somo amefariki, na wasingeweza kuendelea kutoa vipindi kwa kitu ambacho hakieleweki ni muziki, ni elimu au ni maigizo. Wakataka kazi ionekane siku ya kitivo, mbele ya wageni, ndipo waamue. Nikasema vizuri sana. Nikaomba ukumbi mpya.

Nilijiambia nauomba kwa heshima yako. Naomi hawezi kukumbukwa kwenye karakana ya viti vibovu, ndivyo nilivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka wanione. Miaka yote hiyo nimekuwa yule bwana wa ngoma, anayeitwa wageni wakija na kusahauliwa wakiondoka. Ukumbi mpya una jukwaa, una pazia, una viti vya kukunja mia tatu. Na sakafu yake ni vigae vinavyong'aa juu ya zege.

Tulipoingia kufanya mazoezi mara ya kwanza, Tumaini alivua viatu kama kawaida, akakanyaga kwa kisigino. Akakanyaga tena. Akanigeukia akaniambia kwa mikono, polepole ili nielewe, "Sakafu imekufa." Nilielewa, dada. Hicho ndicho kinachonichoma. Siwezi kujitetea kwamba alama zangu zilikuwa mbovu. Nilielewa vizuri kabisa, nikamjibu kwamba nitaleta spika kubwa. Nikaenda mjini nikaazima mbili za maharusi, ndefu kunizidi, nikaziweka pembeni. Zilipowashwa, vioo vya madirisha vilitetemeka na mimi nikaona nimemaliza kazi. Tumaini akatikisa kichwa. Nikamwonyesha alama ya "kesho", nikimaanisha mtazoea. Mtu mwenye masikio yake anadhani kila tatizo la kutosikia dawa yake ni kelele.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Nilisimama juu jukwaani na ngoma yangu kwenye stendi, nimevaa kanzu nyeupe, najiona. Wao walikuwa chini kwenye vigae, mistari mitatu, na vikapu mgongoni. Nikaanza.

Hatua nane za kwanza zilikwenda, kwa sababu walizikumbuka mwilini. Ya tisa mstari wa mbele ukatangulia. Wa nyuma ukachelewa. Wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akimtafuta mwenzake, na unajua mchezaji akianza kumtafuta mwenzake kazi imekwisha. Mimi badala ya kusimama nikazidisha. Nilipiga ile ngoma kama naua nyoka. Spika zikaunguruma, wageni wakaziba masikio, na wanafunzi wako hawakupata chochote kutoka kwenye ile sakafu. Mstari wa pili ukagongana na wa tatu. Kikapu kikaanguka, kikaviringika mpaka kwenye miguu ya wageni wa heshima. Tumaini alisimama. Alisimama tu katikati, mikono chini, akaniangalia kule juu.

Na watu wakapiga makofi. Wangezomea ningeshukuru. Walipiga makofi yale ya kumpigia mtoto wa shule ya awali aliyesahau shairi. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa anafuta machozi kwa leso. Mkuu wa kitivo akachukua kipaza sauti akasema vijana wetu wamejitahidi sana licha ya hali yao. Hapakuwa na wa kuwatafsiria, lakini uso wa huruma hauhitaji mkalimani. Walishaiona ile sura maisha yao yote.

Nilimkuta Tumaini nje ya ukumbi anafungua kamba za kikapu. Nikaanza kujieleza kwa mikono na kwa mdomo, vyote pamoja, kuhusu spika na umeme na muda. Alinitazama kidogo. Kisha akafumba macho.

Wewe ulishawahi kunieleza, mimi nikachukulia kama hadithi, kwamba kiziwi akifumba macho mbele yako amekufungia mlango na huna pa kubisha. Ni kweli huna. Nilibaki nimesimama na mikono hewani kama mjinga, mpaka nikaishusha.

Wiki ile ile barua ya kamati ikaja. Somo livunjwe. Wapiga ngoma warudi Idara ya Muziki, wa Fasihi warudi kwao, na wale saba wapangiwe kipindi cha michezo. Nikapewa siku kumi na nne kama nina la kusema. Niliitia kwenye droo. Siku tano sikuigusa, na nilikuwa naona aibu hata kupita hapa karakana, nilikuwa nazunguka kule nyuma ya bwalo.

Fundi Kaniki ndiye aliyenitoa. Unamjua, mzee wa watu, kwa mwaka anasema sentensi sita. Alinikuta bwalo, akakaa, akanywa chai yake yote, ndipo akasema, "Mwalimu, ubao ukipinda huufokei. Unaugeuza." Akaniuliza lini tunakwenda Rangwi.

Tumaini alikuwa amerudi kwao Rangwi likizo fupi. Nikaomba siku nne kwanza. Nilikwenda kwa wenzake wawili waliobaki bweni, nikawaomba wanifundishe sentensi tatu tu. Walinifundisha kutwa, wakicheka mpaka wanashikana. Nilirudia mbele ya kioo cha kabati, nikarudia kwenye foleni ya benki, watu wakasogea pembeni.

Tulimkuta mama yake shambani, katikati ya kabichi. Nikasalimia "Onga mshi" kwa Kisambaa changu cha kuazima, halafu nikaongeza shikamoo kwa usalama. Alitutazama mimi na Kaniki, akajifuta mikono, akamwita bintiye kwa kumrushia kidonge cha udongo karibu na miguu. Ndivyo wanavyoitana pale nyumbani.

Tumaini alikuja, akasimama mbali. Hakufumba macho. Nikasema sentensi zangu tatu kwa mikono: Nilikosea. Sakafu ilikufa, uliniambia. Sikukusikiliza. Hiyo ya tatu nilipoifanya nikagusa sikio, kama tunavyofanya sisi. Alisogea akanishika kidole, akakitoa sikioni, akakiweka chini ya jicho langu. Kwao mtu anasikilizwa kwa macho. Nikarudia vile alivyonielekeza. Nilikuwa nimemtazama miaka miwili, dada, na sikuwahi kumwona.

Akasema anarudi kwa masharti mawili, na akaniandikia kabisa nyuma ya risiti ya mbolea nisije nikasingizia sikuelewa. La kwanza, "Sisi hatuendi kwao tena. Waje kwetu, wavue viatu." Nikasema sawa. La pili lilikuwa langu mimi. Nipige ngoma nimewapa mgongo, uso ukutani.

Nikakataa. Naona aibu kukuambia, lakini pale pale kwenye kabichi za watu, nimekuja kuomba msamaha, nikaanza ubishi. Mpiga ngoma hageuzwi ukutani! Nitawaongozaje siwaoni? Akaniambia ndiyo hasa. Sikuwahi kuwaongoza. Wewe ulijua, wao walijua, ni mimi peke yangu niliyedhani wanafuata mkono wangu. Mama yake alituletea viazi na chai tukakaa kwenye gogo, watu wanne. Kikombe cha kwanza nilikuwa nimekasirika. Cha pili nikakumbuka ulichoniambia hospitali, kuhusu wivu. Cha tatu nikakubali. Mama akasema "Hongea," sijui alikuwa anamshukuru nani.

Nikaitoa ile barua kwenye droo. Niliwajibu kamati kwamba kazi yenyewe bado hawajaiona, walichoona ni kosa la Mwalimu Hatibu aliyewaweka wanafunzi juu ya zege, na nikaliandika jina langu kamili. Nikawaalika karakana, watu arobaini kwa zamu, kwa masharti ya chumba. Mkuu wa kitivo alinipigia simu. Aliuliza jambo moja tu, "Viatu vyote, mwalimu? Na hii Julai?" Nikamwambia vyote, hata soksi, na mimi mwenyewe baridi inaniua.

Kaniki aling'oa mbao mbili zilizoliwa na mchwa akaweka nyingine, akagonga kila boriti akitega sikio, akajenga na shubaka la viatu pale mlangoni. Watoto wa Fasihi walipiga sakafu msasa kwa magoti. Na mimi nikaanza shule. Siku ya kwanza ukutani nilipotea kabla hata hawajaanza. Miguu yangu ni mijinga, Naomi. Imevaa viatu tangu darasa la kwanza, haijui kitu. Tumaini alikuwa anakanyaga nyuma yangu, na mimi natakiwa niikamate hatua yake kutoka kwenye ubao, niirudishe kwenye ngozi. Nilichelewa, nikawahi, nikachelewa. Alikuwa anakuja kunigonga begani, ananirudisha mwanzo, hana haraka, hana huruma hata kidogo. Siku ya sita jioni nilihisi kitu kidogo unyayoni, kwenye kisigino cha kulia. Nikapiga. Akaniacha nikaendelea.

Wageni walikuja na ukungu wao. Ungefurahi, nakuambia. Maprofesa wamekaa sakafuni wameegemea kuta, wamekunja suruali, vidole vya miguu vimekuwa vyeupe. Mkuu wa kitivo alivua soksi akiwa ameuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, kumbe soksi ilikuwa na tundu. Tumaini aliwapokea mlangoni mmoja mmoja. Kulikuwa na jambo alilokuwa akiwaonyesha kwa mikono na kuwafanya warudie, mimi sikuliona vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshapelekwa ukutani kwangu.

Kwa hiyo "Mikono" siwezi kukusimulia ilivyokuwa. Nilichoona mimi ni ukuta na msumari mmoja wenye kutu. Lakini nilikuwa nayo miguuni. Walipoingia wote pamoja, ile hatua ya akina mama wakipanda mteremko na vikapu, sakafu ilinipandia mpaka magotini, na nikajua nani yuko wapi. Nikajua Tumaini amevuka kwenda kushoto. Nikajua mstari wa tatu umebeba mizigo na wa kwanza umetua. Hakuna aliyechelewa. Nilikuwa nyuma yao wote, mtu mzima na shahada mbili, nafuata. Na wivu ukanishika, dada, wivu wa kweli, kwamba hawa watoto wamekuwa na kitu hiki muda wote na mimi nilikuwa nikiwaletea spika.

Mashairi yalisemwa kwa mikono kwanza. Halafu mtoto mmoja wa Fasihi akayasema kwa mdomo, taratibu, nyuma ya mikono, kama ulivyotaka. Ulikuwa sahihi. Nalisema leo, na nimeliandika, kwa hiyo unalo kwa maandishi.

Ikaisha. Nikangoja. Hapakuwa na kofi hata moja. Nikahesabu pumzi kumi nikiwa nimeinamia ngoma, nikasema moyoni basi, tumekwisha, nimeliua somo la Naomi mara mbili. Nikageuka.

Mikono yote ilikuwa juu. Watu arobaini, kuanzia mkuu wa kitivo mpaka mhudumu wa bwalo, wameinua mikono, wanaitikisa vidole wazi, vile viziwi wanavyoshangilia. Ndicho Tumaini alichokuwa akiwafundisha pale mlangoni. Hakuna aliyekuwa akifuta machozi kwa leso. Walikuwa wanacheka, wengine wamesimama wanakanyaga sakafu kuijaribu kama watoto. Aliyelia ni mimi. Tangu ulipoondoka nilikuwa sijalia, sikuweza, nilifukia tu. Nililia pale mbele ya kamati nzima ya masomo, peku, na sioni aibu.

Tulicheza mara tatu siku ile, kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni nje kwenye ukungu, viatu mkononi.

Kamati imelipitisha somo. Barua ilisema litaendelea "chini ya Mwalimu Hatibu". Niliisoma mara mbili, nikairudisha kwa miguu yangu mwenyewe. Niliwaambia siwezi kuwa juu ya kitu ambacho nimekifuata nikiwa nimeangalia ukuta. Tumaini anamaliza mwaka huu na matokeo yake yanawashinda wapigaji wangu wote. Nikaomba awe mwalimu msaidizi na alishike yeye. Mjumbe mmoja akauliza kiziwi atawafundishaje wanaosikia. Nikamjibu kama alivyonifundisha mimi. Walibishana vikao viwili. Cha pili Tumaini aliingia mwenyewe, tukamleta mkalimani kutoka Tanga, akajibu maswali yao saa nzima. Wamempa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Mkalimani wa kudumu wamesema watafikiria. Nimewaambia nitakuwa nawakumbusha kila Ijumaa, na Ijumaa mbili zimeshapita, nimekwenda zote mbili. Katibu wa kitivo akiniona sasa anaanza kupanga mafaili.

Kwa hiyo nakuahidi. Hatazikwa tena mtu wa hapa chuoni, wala kusherehekewa, wala kufukuzwa, huku viziwi wamesimama mstari wa mbele hawaelewi. Nikiwa hai na miguu yangu inakanyaga, mkalimani atakuwepo, na siku atakapokosekana nitasimama mimi, na sitakuwa na maneno matano. Ninayo mia mbili na kumi sasa. Nyingine nakosea. Juzi nilitaka kusema nimeshiba, kumbe nimesema nina mimba.

Pumzika, dada yangu. Huko Mponde wamekupandia maua, na chai imefika karibu kabisa na kichwa chako. Mungu akupe nafasi pana na sakafu njema.

Naishia hapa. Kipindi cha kwanza ni Jumatatu saa mbili kamili, mimi ni mwanafunzi namba kumi na tisa kwenye orodha, na mwalimu wetu ameshatangaza kwamba wachelewaji watabaki nje na baridi yao.

Mdogo wako,
Hatibu